Panki Bila Panki

Mwambie kinyozi wa Dar es Salaam akunyoe panki, atakuuliza pembeni apunguze kiasi gani. Neno hili lilitufikia kupitia kichwani na likakaa hukohuko; muziki uliolitangaza duniani wengi hatukuusikia. Ndiyo maana ukitaka kuandika kwa Kiswahili habari za The Saints, wanamuziki wa panki wa Brisbane, Australia, kazi ya kwanza ni kupatana na istilahi.

Chukua “bendi”. Chris Bailey, Ed Kuepper na Ivor Hay, ambao ndio The Saints, walianza kupiga pamoja mwaka 1973, wakiwa vijana wa sekondari, kwa jina refu la Kid Galahad and the Eternals. Andika sasa “bendi ya shule” uone: msomaji atawaona watoto wenye sare wakipuliza tarumbeta siku ya mahafali, mwalimu akiwa mbele. “Bendi ya wanafunzi” ina nafuu. Lakini hata “bendi” tupu ina historia yake. Tanzania, kwa miaka mingi, bendi ilikuwa na mwenye vyombo, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wake. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Hawa wa Brisbane hawakuwa na bosi wala ukumbi. Jimbo lao la Queensland lilikuwa chini ya waziri mkuu Joh Bjelke-Petersen, ambaye polisi wake hawakuwa na subira na vijana, na wenye kumbi hawakuwa na hamu ya makelele yao. Wakageuza nyumba waliyopanga Petrie Terrace kuwa ukumbi, wakauita Club 76. Ningeweza kuwaita “kundi”, ila siku hizi kundi ni waimbaji wanaosimama mbele bila ala. Basi ibaki bendi, mwenye vyombo akiwa ni wao wenyewe.

Juni 1976 walirekodi “(I'm) Stranded”, na Septemba wakaitoa kwa fedha zao, nakala 500, kwa jina la Fatal Records. Hapa vijana watasema “singo”. Sikatai, lakini singo ya leo haishikiki mkononi. Ile ilikuwa santuri ndogo, kitu cha kufungwa kwenye bahasha na kutumwa kwa posta, na kweli ilitumwa hadi Uingereza, ambako gazeti la Sounds liliitangaza kuwa santuri ya wiki hiyo na ya kila wiki. Kampuni ya muziki ya EMI ya London ikataka mkataba.

Santuri hiyo ilitangulia ile ya kwanza ya The Damned, waliofungua njia ya panki ya Uingereza. Albamu ya kwanza ya Ramones wa New York ilikuwa imetoka Aprili mwaka uleule, na Kuepper amesimulia jinsi ilivyomuudhi kuisikia, maana alijua wao sasa wataonekana waigaji. Kazi walikuwa nayo miaka kadhaa kabla ya kupewa jina lake, na jina lilipokuja lilikuwa la wenzao.

(Bailey alizaliwa Nanyuki, Kenya, kwa wazazi kutoka Ireland, akalelewa Belfast kabla ya kupelekwa Australia akiwa mtoto. Simdai kuwa wetu. Naona tu kwamba aliyezoea kuhama huenda asivutiwe na lebo za watu.)

Walipofika London mwaka 1977, kampuni ilikuwa na mpango wa kuwavalisha suti za kijani na kuwasimamisha nywele. Walikataa. Wakapanda jukwaani na nywele ndefu zisizochanwa na mashati ya siku zote, na mashabiki waliojibana kwa pini wakawashangaa. Kwa hiyo ningependa kamusi itenganishe: panki ya kwanza, muziki; panki ya pili, unyoaji. The Saints waingie kwenye ya kwanza tu, tena kwa masharti, kwa sababu mwaka 1978, katika “Know Your Product”, waliingiza ala za kupuliza, na wimbo ukawa na mlio ambao kinyozi yeyote wa London angekataa kuuita panki.