Mbinu ya Delphi

Mbinu ya Delphi ni njia ya kukadiria mambo yajayo kwa kuwauliza wataalamu bila kuwakutanisha. Ilibuniwa katika taasisi ya RAND, Marekani, miaka ya 1950, na Olaf Helmer na Norman Dalkey.

Kila mtaalamu hujaza dodoso peke yake. Majibu hurudishwa kwa wote bila majina, pamoja na kadirio la kati; aliye mbali nalo huombwa aeleze sababu, kisha raundi nyingine huanza. Hapo ndipo ubora wake ulipo: bingwa mwenye sauti kubwa hawafuniki wenzake. Hata hivyo, jopo zima laweza kukubaliana na bado likakosea.

Japani imeitumia tangu 1971 kutazama teknolojia za takriban miaka 30 ijayo, na hurudia uchunguzi huo kila baada ya miaka mitano hivi.