Askari wa Mkorosho Anayeuma

Mpishi wa Mfaranyaki, Songea, anapotwanga korosho aungie kisamvu badala ya karanga, anatia chunguni zao la mti uliokaribia kutupwa. Mkorosho hupenda joto kuliko ubaridi wa Songea. Katika mkoa wa Ruvuma kwao ni Tunduru, kilomita 260 hivi upande wa mashariki. Bibo lake halivumilii safari. Huoza upesi, basi hubaki hukohuko likikamuliwa uraka.

Wareno ndio walioleta mti huu kutoka Brazili, karne ya 16. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Miaka 13 baadaye mavuno hayakufika hata 20,000. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na bei haikumshawishi mtu kurudi kupalilia. Kisha mwaka 1979 ukaonekana ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika maua na majani machanga hadi shada zima linakauka bila tunda.

Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walielekeza unga wa salfa, upulizwe alfajiri kabla ya upepo. Mavuno yakarudi. Ila salfa ni dawa ya ukungu, haimtishi mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi yakabaki na madoa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Kwa huyo, mti una askari wa kale: maji moto, chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za mabuu wao. Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinataja ndugu zao wakiuzwa sokoni, pamoja na viota, kulinda michungwa. Zanzibar, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha kuwa maji moto humzuia mdudu anayepukutisha vidaka vya nazi. Kwenye mikorosho ya kusini nako utafiti umekuta kwamba penye viota vyao machipukizi hupona zaidi.

Hata hivyo wakulima wengi huvichoma viota hivyo, na mimi siwalaumu sana: apandaye kupogolea hushuka akijipangusa shingo. Lakini kiuatilifu kinachopulizwa kwa ajili ya mbu nacho hakichagui. Maji moto wakifa, mara nyingi nafasi yao hushikwa na sisimizi kahawia wa ardhini, nao hawaulindi mti.