Mbwa na baiskeli: Jinsi ya kumkimbiza, kumdhibiti na kumfunza kuitika

WAKENYA wengi wafugao mbwa humfungia mnyama huyo kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku ili alinde boma. Mbwa wa aina hiyo hulijua lango, ua na sauti za usiku, lakini barabara haijui. Siku atakapochoropoka nje, baiskeli ya kwanza kupita huwa ndiyo windo lake.

Ipo njia ya kuzielekeza nguvu hizo kwingine, nayo ni kumkimbiza mbwa kando ya baiskeli. Mbwa mzima mwenye afya akipata zoezi hilo mara kadhaa kwa wiki hutulia nyumbani, wala habweki ovyo au kufukua bustani. Hata hivyo, zoezi hilo hilo likifanywa bila maarifa humwangusha mwendeshaji, humuua mbwa kwa joto na humtia mpita njia hatarini.

Nchini Ujerumani jambo hili si geni. Sheria ya barabara ya nchi hiyo inakataza kuongoza mnyama kutoka kwa gari, na kwa upande wa baiskeli inaruhusu mnyama mmoja tu aongozwe, naye ni mbwa. Wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd, ambao chama chao kiliasisiwa mwaka wa 1899, wana mtihani maalumu wa ustahimilivu ambapo mbwa hukimbia kilomita 20 kando ya baiskeli kwa kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Mbwa hupumzishwa baada ya kilomita nane, kisha tena baada ya kilomita 15, na nyayo zake hukaguliwa.

Takwimu hizo zina funzo kwa mwenye mbwa wa Nairobi au Eldoret. Kwanza, hicho ni kilele cha mbwa aliyeandaliwa kwa miezi mingi, si mahali pa kuanzia. Pili, kasi yenyewe ni ndogo. Mwendo unaomfaa mbwa ni ule wa mchakamchaka, ambapo miguu huenda kwa mpishano na mgongo hutulia. Akianza kuruka kwa miguu yote kama anayefukuza sungura, mwendeshaji amezidisha kasi na hana budi kushika breki.

Umri nao ni muhimu. Mifupa ya mbwa mchanga huwa na sehemu laini ambazo ndizo zinazorefuka, na mishindo ya mfululizo kwenye barabara ngumu inaweza kuziharibu. Mbwa wa kimo cha wastani husubiriwa atimize angalau mwaka mmoja, na mikubwa kama Rottweiler miezi 18 au zaidi. Mbwa wenye pua fupi kama Bulldog na Pug wasikimbizwe na baiskeli hata kidogo, kwani hupumua kwa taabu hata wakiwa wamelala.

Anayedhani kwamba ni lazima awe na mbwa wa kigeni wa bei ghali amekosea. Mbwa wa kienyeji, mwenye miguu mirefu, mwili mwepesi na manyoya mafupi, mara nyingi humudu zoezi hili kuliko yule wa ng'ambo aliyenenepa kwa makombo ya jikoni.

Kabla ya kuanza, inafaa daktari wa mifugo ampime mbwa moyo, viungo na damu. Humu nchini kupe hueneza magonjwa yanayopunguza damu mwilini, na mbwa aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima hadi atakapokimbizwa. Mwenye mbwa anaweza kuinua mdomo wa mnyama wake na kutazama fizi. Zikiwa zimepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, siku hiyo si ya baiskeli.

Hatari kubwa kuliko zote ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, ila kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kama ya Mombasa au Kisumu, kuhema huko hakumsaidii sana. Joto la kawaida la mwili wake ni takriban nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Dalili za awali ni kutweta kwa kelele, ulimi kutoka nje na kupanuka, mate mazito na mwendo wa kupepesuka. Mbwa wa namna hiyo apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, kisha akimbizwe kwa daktari. Tatizo ni kwamba mbwa mtiifu hatasimama kwa hiari yake. Atamfuata bwana wake hadi aanguke, na kwa sababu hiyo jukumu la kusimama ni la aliye juu ya baiskeli.

Muda mwafaka ni alfajiri kunapopambazuka hadi mwendo wa saa mbili asubuhi. Lami iliyochomwa na jua huunguza nyayo, na njia rahisi ya kuijaribu ni kuweka kiganja kinyumenyume juu yake kwa sekunde saba. Ikiwa mkono hauvumilii, nyayo za mbwa pia hazitavumilia. Barabara ya udongo au murram ni bora kuliko lami, mradi isiwe na changarawe kali. Aidha, mbwa asikimbizwe akiwa ameshiba. Madaktari hushauri asubiri saa mbili baada ya kula, hasa mbwa wenye kifua kirefu ambao matumbo yao huweza kujaa gesi na kujisokota.

Kuhusu vifaa, kosa linalotokea sana ni kuizungusha kamba mkononi au kuifunga kwenye usukani. Mbwa wa kilo 30 akimwona paka ng'ambo ya barabara, usukani hupinda papo hapo na mwendeshaji hujikuta chini. Kamba ifungwe chini, kwenye chuma kilicho karibu na kiti au gurudumu la nyuma, ambapo mvuto wa mbwa hauyumbishi baiskeli. Vipo vyuma maalumu vyenye springi vinavyopunguza mshtuko na kumweka mbwa mbali na magurudumu na pedali. Fundi stadi wa jua kali akionyeshwa mfano anaweza kuunda kimoja, mradi kisiwe na ncha kali na kiwe na kiungo kinachoachia haraka iwapo mbwa atanasa.

Kamba hiyo isiunganishwe na ukanda wa shingoni. Baiskeli ikisimama ghafla, koo la mbwa ndilo litakalobeba kishindo. Afungwe mkanda mpana unaozunguka kifua na kuacha mabega huru.

Kwa kuwa magari ya Kenya hupita upande wa kushoto wa barabara, mbwa naye akae kushoto kwa baiskeli, ili mwendeshaji awe kati yake na magari. Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, huenda zikaonekana zinafaa, lakini pikipiki nazo huzitumia. Hapo si mahali pa mbwa anayejifunza.

Mafunzo yenyewe huanza baiskeli ikiwa imesimama. Mbwa huachwa ainuse na kulishwa kando yake. Kisha mwenyewe huisukuma huku akitembea, mbwa akiwa upande wa kushoto. Wasiwasi ukiisha, ndipo anapopanda na kwenda dakika tano pekee mahali pasipo na watu. Muda huongezwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na nyayo hukaguliwa kila mara.

Lakini mbwa aliyefungwa kamba ni nusu ya kazi. Kamba hukatika na ndoano hufunguka. Kitakachomwokoa mbwa aliyeponyoka katikati ya matatu ni kama anaitika anapoitwa.

Katika nyumba nyingi mbwa haitiki, na lawama hutupiwa ukaidi wake. Ukweli ni kwamba amefunzwa asiitike. Fikiria ratiba yake: usiku yuko huru, na alfajiri bwana au mlinzi husimama mlangoni pa kibanda na kumwita. Akienda, mlango hufungwa hadi jioni. Baada ya juma moja mnyama huyo huwa amefahamu kwamba "njoo" maana yake ni kifungo, na mwenye akili timamu hajipeleki gerezani.

Kosa la pili ni la lugha. Baba humwita kwa Kiingereza, mlinzi kwa Kiswahili, watoto kwa Sheng na nyanya kwa mbinja. Mbwa hajali ni lugha gani, ila anahitaji neno moja lisilobadilika. Familia ikubaliane juu ya neno hilo, na lisitumiwe kwa jambo jingine lolote.

La tatu, na baya zaidi, ni kumchapa mbwa aliyerejea akiwa amechelewa. Mbwa hahusishi kiboko na kule kutoroka kwa nusu saa iliyopita. Hukihusisha na tendo la mwisho alilofanya, yaani kurudi. Kesho hatarudi.

Dawa yake ni malipo. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa kusikia tu mlio aliouzoea kabla ya mlo. Neno la kuita linatakiwa lifikie hadhi hiyo. Litamkwe mara moja kwa sauti changamfu mbwa akiwa hatua mbili tu mbali na ana njaa, na afikapo apewe mara moja kipande cha ini lililochemshwa, matumbo au omena. Biskuti kavu haishindani na harufu ya paka.

Baada ya kulipwa, aachiliwe aende zake. Hapa ndipo wengi huharibu. Katika kila mara kumi anapoitwa, mara tisa alipwe na kuruhusiwa kuendelea kucheza, ili ile mara ya kumi ya kufungwa isimwonye. Anayemfungia mbwa alfajiri amwekee chakula cha asubuhi mle kibandani, naye ataingia mbio bila kuitwa.

Mbwa akielewa ndani ya ua, hupelekwa uwanjani akiwa na kamba ndefu ya mita 10 inayoburuta ardhini. Asipoitika, neno lisirudiwe mara tano, kwani atajifunza kusubiri lile la tano. Mwenye mbwa akanyage kamba, kisha akimbie kuelekea upande mwingine. Mbwa hufuata kinachomkimbia na humkimbia anayemfukuza. Kamba hiyo ndefu kamwe isitumiwe baiskeli ikienda, kwa sababu itazunguka gurudumu au mguu.

Baiskeli huongezwa mwisho. Mwendeshaji husimama, hushuka, kisha huita. Mbwa wengi hushindwa kumtambua bwana wao akiwa juu ya chombo kinachosonga, na kule kushuka huwa sehemu ya ishara. Firimbi hufaa kuliko sauti ya mtu mahali penye upepo, na haina hasira ndani yake.

Hata mbwa aliyehitimu haachiliwi popote. Katika Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000 jijini Nairobi, waendesha baiskeli wana njia zao na mbwa wanapaswa kufungwa kamba. Humo mna kima, paa na mbega waliorejeshwa kutoka msitu wa Kipipiri, na mbwa aliyeanza kumfukuza paa hasikii firimbi wala ini.

Mwambao wa Pwani una suala jingine. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi huko, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mbwa mchangamfu anayemrukia mzee aliyetoka kutawadha humkosesha sala kwa wakati, hata kama hakumuuma. Adabu ya ujirani yataka mbwa afupishiwe kamba na baiskeli isimame hadi mtu apite.

Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumwendesha mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Sura ya 365 nayo inahusu kichaa cha mbwa, na hilo ndilo jambo ambalo halifanyiwi mzaha. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo nchini kilithibitishwa mwaka wa 1912 kwa mbwa viungani mwa Nairobi. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa kufikia mwaka wa 2030, na ili hilo liwezekane angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanapaswa kuchanjwa. Anayetoka na mbwa asiyechanjwa mwaka huo hana ruhusa ya kujiita mwenye mbwa.

Kwa mwendesha baiskeli anayefukuzwa na mbwa wa mtu mwingine, kukazana kukanyaga pedali huchochea mbio. Mara nyingi ni salama zaidi kusimama, kushuka na kuiweka baiskeli kati yake na mnyama, bila kumkodolea macho, kisha kurudi nyuma taratibu. Mbwa wengi wa mitaani hutimka wakimwona mtu akiinama kana kwamba anaokota jiwe, hata kama jiwe lenyewe halipo.

Akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mnyama wake ni mzima. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na kuchunguzwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, huku aliyeumwa akiendelea na sindano zake bila kungoja matokeo.