Uchungu Uliopewa Jina la Mkubwa

Ndugu msomaji, ukimwona mhudumu wa baa ya kitalii anadondosha matone mawili matatu ya kitu kichungu kwenye pombe ya kuchanganya, usidhani ni mbwembwe tu. Uchungu ule una asili ya jeshini. Mwaka 1824 daktari Mjerumani, Johann Siegert, tabibu katika jeshi la Simón Bolívar huko Venezuela, alitengeneza dawa ya tumbo ambayo dunia inaijua kwa jina la mji alikokuwa, Angostura. Baadaye wanywaji wakaihamishia kwenye glasi zao.

Kumbe hata kwetu uchungu wa aina hiyo ulipikwa, tena vitani. Vita Kuu ya Kwanza iliwahi kupiga hodi Ziwa Nyasa: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Manowari za Waingereza zikafunga njia ya baharini, na kwinini ya kutoka Ulaya ikawa adimu. Wajerumani wakageukia mikwinini ya Amani, Usambara, walikokuwa na kituo cha utafiti tangu 1902. Mwaka 1916 Amani ikatekwa, jeshi la Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kusini na magome yake. Huko yakachemshwa, maji yake yakanywewa hivyo hivyo. Wagonjwa wakayabatiza “Lettow-Schnaps”, kama vile kusema gongo ya Lettow, ingawa yalikuwa maji ya magome tu. Yalikuwa machungu ajabu, lakini yalisaidia.

Sasa tuulizane: hivi magome hayo yalifikaje kusini? Hayana miguu. Kama mizigo mingine ya jeshi lile, yalibebwa na wapagazi. Jeshi likavuka Ruvuma Novemba 1917, likarudi Septemba 1918 kupitia nchi ya Songea. Upande wa Waingereza, wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, wengi kwa maradhi. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya kuaminika haikuachwa.

Basi mkubwa kabaki na jina kwenye kinywaji. Mbeba magome hana jina hata kaburini. Vijana wenzangu wa mwambao huu, wazee wetu bado wapo wachache. Tuwaulize babu zao walibeba nini, mpaka wapi, na nani hakurudi. Tukiyapata majina, tuyaandike.