Ukuta Husema Bila Kujeruhiwa

Leo twende pamoja Mombasa, Mji wa Kale, hata ile ngome kubwa ya mawe iliyo ukingoni mwa bahari. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, wakaiita kwa jina la Yesu. Ndani yake walijenga kanisa, ambalo sasa limesalia misingi tu. Ngome hiyo iliona damu nyingi. Mwaka 1698 Waomani waliiteka baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, hata mwaka 1958.

Katika ngome hiyo yamehifadhiwa maandishi ya namna nyingine. Juu ya lipu ya ukuta, Wareno wa karne ya 17 walichora meli, samaki, watu na kanisa, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Hawakuwa wachoraji mashuhuri. Walikuwa watu wa zamu, mbali na kwao, wakichora waliyoyakumbuka.

Je, rangi zile ni za nini? Nyeusi yafanana na mkaa, na nyekundu yafanana na ngeu, ule udongo ambao maseremala wetu hupigia mistari. Lakini macho hudanganyika. Wekundu waweza kutoka katika chuma, au risasi, au zebaki. Ngeu huokotwa ardhini. Zebaki ni bidhaa ya kununuliwa. Tena rangi ya risasi yaweza kugeuka nyeusi ukutani. Anayetaka kuusafisha ukuta bila kujua haya aweza kufuta asichokijua.

Zamani wataalamu walikwangua chembe kwa kisu, wakaipima kwa dawa. Chembe ile haikurudi tena. Siku hizi kipo chombo cha kushikwa mkononi, ambacho huelekeza miali ya eksirei ukutani bila kuugusa. Chuma hujibu kwa namna yake, risasi kwa namna yake, zebaki vivyo hivyo. Mkaa, kwa kuwa asili yake ni nyepesi mno, hausikiki kwa chombo hicho. Kwa huo hutumika mwanga wa leza: sehemu ndogo ya mwanga hurudi imebadilika rangi kidogo, na badiliko hilo huutambulisha mkaa. Jambo hilo aligundua C. V. Raman kule India mwaka 1928, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Hata hivyo, chombo hutaja rangi tu. Hakitaji mkono ulioichora. Chuma kilichoonekana chaweza kuwa cha ngeu, au kutu ya msumari wa zamani. Ndiyo maana mpimaji na mwanahistoria hawana budi kuketi pamoja.

Ndugu wapenzi, katika mfano wa magugu mwenye shamba aliwazuia watumishi wasing'oe kwa haraka, ngano isije ikapotea pia. Nasi tuna makanisa ya wazee wetu, yenye kuta za zamani. Mara nyingi kamati hukutana Jumamosi, chokaa hununuliwa Jumatatu, na Jumapili ifuatayo ukuta ni mweupe. Basi kabla ya kushika brashi, tuulize: chini ya rangi hii kuna nini, na ni nani aliyekiweka? Kilichokwanguliwa hakirudi. Kilichotunzwa, watoto wetu watakisoma kwa vyombo ambavyo sisi hatujaviona.

Bwana atupe subira ya kutazama kabla ya kugusa. Amina.