Sikio na Akodi: Jinsi Gitaa Lilivyofundishwa katika Miji ya Shaba ya Katanga

Historia ya gitaa katika Haut-Katanga haitenganishwi kwa urahisi na historia ya umeme na shaba. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichojengwa kwa ajili ya migodi ya kampuni ya Union Minière kwenye maporomoko ya mto Lufira na kuanza kazi mwaka 1930, kilisaidia viwanda vya Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati wa utawala wa Ubelgiji, kupanuka na kuwakusanya vibarua waliotoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia Kaskazini. Watu hao, ambao walikutana bila lugha moja ya nyumbani, walielewana kwa Kiswahili, na ni katika Kiswahili hicho ambamo nyimbo za gitaa za Katanga zilitungwa kwa wingi.

Mpigaji aliyeupa mtindo huo sifa duniani ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika makao makuu ya Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville akipiga „Masanga”, na santuri zake zikasikika hadi Nairobi, ambako wapiga gitaa walizisikiliza mara nyingi ili wapate kuziiga.

Kazi ya kuiga haikuwa nyepesi. Akodi ni sauti tatu au zaidi zinazopatana na kulia kama kitu kimoja, na nyimbo nyingi za mtindo huu hujengwa juu ya akodi tatu tu, yaani ile ya sauti ya kwanza ya ngazi ya muziki, ya sauti ya nne na ya sauti ya tano, ambazo katika ngazi ya C ni C, F na G. Mwanafunzi akisikiliza nyuzi zikicharazwa zote kwa pamoja, hutambua mapema mahali akodi inapobadilika. Lakini mpigaji wa Katanga hacharazi, bali kidole gumba hugusa nyuzi za besi huku kidole cha shahada kikisuka nyuzi za juu, hivyo sauti za akodi moja hufika zimetawanyika, moja baada ya nyingine, na sikio ndilo linalopaswa kuzikusanya. Katika hali hiyo kiongozi wa kutegemewa ni besi, kwa sababu sauti ya chini kabisa ndiyo ambayo mara nyingi hutaja mzizi wa akodi, na anayejizoeza kuifuata hiyo kwanza, akiyaacha madoido ya juu kwa muda, huupata mwendo wa wimbo kabla ya kuupata wimbo wenyewe.

Hata hivyo, sikio lina mpaka wake, na „Masanga” inauonyesha vizuri kuliko mfano mwingine wowote. Katika wimbo huo uzi wa sita, ambao kwa kawaida hutoa E, hupandishwa kwa nusu toni hadi F, kwa hiyo besi ya akodi ya sauti ya nne hulia bila kubanwa na kuviacha vidole huru kwa kazi nyingine. Msikilizaji asiyejua siri hiyo huweza kuitaja akodi kwa usahihi kamili na bado akashindwa kuipiga inavyostahili.

David Rycroft, mtaalamu wa London, aliuandika muziki wa Mwenda kwa nota kutoka kwenye santuri, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1961 na 1962, kazi ya uvumilivu ambayo bado inastahili heshima. John Low, mpiga gitaa aliyekuwa tayari ameujifunza mtindo huo kwa kusikiliza, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1979 ili aketi karibu na Mwenda na wapigaji wenzake Losta Abelo na Edouard Masengo na kutazama vidole vyao. Safari hiyo ni ushahidi kwamba usikivu, hata ukiwa hodari kiasi gani, ulikamilishwa na jicho na ukaribu wa mwalimu, jambo ambalo vijana wa Jadotville, waliokulia palepale wapigaji walipokuwa, walilipata bila kulipia nauli.

Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Rekodi alizozikusanya Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini; nakala zake zinapaswa kufikishwa katika shule za Likasi na Mwadingusha, ili watoto wa mahali muziki huo ulikorekodiwa wajifunze akodi zao kwa kuwasikiliza wazee wao wenyewe.