Lenzi, Fleshi na Kutengeneza Picha: Habari Zake Tangu Zamani

Fungueni kitabu penye ukurasa huu, mfuate kwa macho maneno mnayoyasikia. Mwenye kuchoka na asikilize tu. Atasoma nyumbani polepole.

Somo la leo limetokana na barua. Mwenzenu mmoja wa darasa la jioni ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Anasema amenunua kamera ya dijitali iliyokwisha tumika, anataka kupiga picha za harusi na za vitambulisho apate riziki. Fedha alizobakiwa nazo hazitoshi kununua kila kitu. Je, anunue lenzi nyingine, au fleshi, au programu ya kompyuta ya kutengenezea picha? Kisha anaongeza: "Nikipiga picha ndani ya nyumba, nguo nyeupe ya bibi arusi huonekana vizuri, lakini nyuso za watu wetu huwa kama makaa. Kosa ni langu au ni la kamera?"

Swali hili si dogo. Mtu asiyeuona uso wa mama yake katika picha hatalipa, na harusi hairudiwi. Ili tulijibu, turudi nyuma kidogo. Vitu hivi vitatu havikuzaliwa siku moja. Kila kimoja kilitokea kwa sababu ya shida fulani, na ukiijua ile shida utaijua na kazi yake.

Tuanze na lenzi. Mwaka 1839, huko Paris, ulitangazwa ufundi wa Louis Daguerre wa kushika picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Watu walistaajabu. Lakini lenzi ya kamera ile ilikuwa na tundu dogo, mwanga uliingia kwa shida, na picha moja ilihitaji dakika nyingi. Nyumba na sanamu ziliweza kungoja. Mtu je? Jaribu wewe kukaa juani dakika kumi bila kutikisika wala kupangusa jasho.

Katika mji wa Vienna alikuwako mwalimu wa hesabu, jina lake Joseph Petzval. Yeye hakuanza na kioo, alianza na kalamu. Alipiga hesabu za njia ambayo mwanga hupita ndani ya vioo kadhaa vilivyopangwa pamoja. Hesabu zilikuwa nyingi mno, hata akaazimwa askari wa mizinga wamsaidie, maana askari hao walikuwa hodari wa kuhesabu. Mwaka 1840 lenzi yake ikatengenezwa na kampuni ya Voigtländer. Iliingiza mwanga zaidi ya mara kumi kuliko ile ya kwanza, na hapo ndipo kupiga picha za nyuso za watu kulipoanza kuwa biashara ya kweli. Petzval mwenyewe alilipwa mara moja tu. Mwenzake akauza lenzi nyingi sana, na wawili hao wakagombana vibaya.

Basi angalieni: lenzi ile haikubuniwa ili kuvuta vitu vya mbali. Ilibuniwa ili kuingiza mwanga. Tufanye hesabu ubaoni. Juu ya lenzi pana namba mbili. Moja ni ya milimita, tuseme 50. Ya pili ni ya kugawanyia, tuseme 2. Hamsini gawanya kwa mbili ni 25. Basi tundu lina upana wa milimita 25. Namba ya pili ikiwa 4, tundu litakuwa la milimita 12 na nusu. Upana umekuwa nusu, lakini eneo la duara limekuwa robo, kwa hiyo mwanga unaoingia ni robo tu. Namba ndogo ni tundu kubwa. Wengi huchanganyikiwa hapa, na mimi nilichanganyikiwa pia.

Lenzi za kuvuta zilikuja baadaye. Voigtländer hao hao walileta ya kwanza kwa kamera za picha za kawaida mwaka 1959, ikiitwa Zoomar, ya milimita 36 mpaka 82. Ni raha kuwa nayo. Lakini lenzi za kuvuta za bei nafuu, zile zinazouzwa pamoja na kamera, mara nyingi hufika namba 5.6 ukizivuta mpaka mwisho. Ile ya milimita 50 yenye namba 1.8 haivuti kitu. Utavuta kwa miguu yako. Lakini kwa kawaida si ya bei kubwa, na huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko ile ya 5.6. Ila usitoe fedha kabla ya kuijaribu mdomoni mwa kamera yako, maana lenzi ya kampuni moja kwa kawaida haishiki katika kamera ya kampuni nyingine.

Sasa fleshi. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa unga wa magnesiamu uliochanganywa na dawa nyingine. Ukiwashwa ulilipuka kwa mwanga mkali sana. Habari hizo zilimfikia Jacob Riis wa New York, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Denmark. Alikuwa akiandika juu ya vyumba vya giza walimojazana maskini wa mji ule, lakini wenye uwezo hawakusadiki maneno matupu. Riis akaingia usiku na unga wake, akapiga picha, na mwaka 1890 akatoa kitabu kilichowatia watu aibu. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari: yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuunguza nyumba aliyokuwa akiipiga picha.

Mnamo mwaka 1930 balbu za fleshi zikaanza kuuzwa. Moto ulifungwa ndani ya kioo, lakini kila balbu ilitumika mara moja tu ikatupwa. Kisha katika miaka ya 1930 Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliendeleza taa ya umeme inayowaka kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, ikazimika, ikawa tayari kuwaka tena. Fleshi yako ya leo ni mjukuu wa taa ile.

Ukinunua fleshi, tafuta yenye kichwa kinachogeuka. Fleshi inayompiga mtu usoni moja kwa moja humng'arisha paji la uso na pua, na nyuma yake hutupa kivuli cheusi ukutani. Igeuze itazame dari nyeupe, mwanga utarudi umepoa. Katika hema au chini ya makuti hakuna dari ya kurudishia mwanga. Hapo mwombe kijana akushikie kitambaa cheupe kando. Tena kumbuka, umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Anayesimama mwisho wa ukumbi na kuwasha fleshi anamulika migongo ya wageni.

Sasa tufike kwenye nyuso. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak iliwapelekea mafundi wa kusafisha picha kadi yenye mwanamke wa Kizungu, nao wakarekebisha rangi mpaka yeye apendeze. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Watu weusi waliopigwa pamoja na weupe walitoka macho na meno tu. Wakubwa wa zamani wa Kodak wamesimulia kwamba waliosikilizwa mapema walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao rangi za bidhaa zao hazikutokea sawasawa! Huko Afrika Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za vitambulisho vya lazima vya Waafrika, ndugu wa kile kipande walichovaa wazee wa Kenya shingoni. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga jambo hilo. Mwaka 1977 Polaroid iliacha kuuza huko.

Kwa hiyo, mwandishi wetu wa barua, kosa si lako peke yako. Lakini kamera ya dijitali ina kosa lake jingine, na hilo waweza kulisahihisha bila senti. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutaka uwe wa kadiri. Ikiona shela nyeupe kubwa hudhani pana mwanga mwingi, ikaupunguza, na uso ukazama gizani. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Peleka kwenye kujumlisha, hatua moja, kisha utazame. Au iambie kamera ipime mwanga usoni tu.

Bado kuna programu. Kutengeneza picha hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, huko Uingereza, aliunganisha picha thelathini hivi zikawa moja. Katika Urusi ya Stalin, mkuu wa polisi Yezhov alipigwa picha akiwa kando ya Stalin. Baada ya kuuawa mwaka 1940, alifutwa katika picha, yakabaki maji ya mfereji tu. Kamera ya dijitali ya kwanza ya kubebeka ilitengenezwa Kodak na Steven Sasson mwaka 1975. Ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda ya kaseti. Programu ya Photoshop, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Marekani walitoa GIMP, ambayo mpaka leo haina malipo.

Kwa hiyo fedha yako usiipeleke kwenye programu. Iweke kamera ihifadhi faili ghafi, ambayo ni kama ile filamu kabla ya kusafishwa. Shela na uso utavisawazisha baadaye kwa programu ya bure. Lakini programu haiwezi kurudisha mwanga ambao haukuingia. Na picha ya pasipoti usiirembe, maana mteja wako ataikataliwa dirishani.

Jibu langu ni hili. Nunua kwanza lenzi ya milimita 50, kwa kuwa dirisha ni la bure. Ila kama harusi za kwenu ni za usiku, anza na fleshi, hata iliyotumika.

Kazi ya wiki hii: mketishe mtu mmoja karibu na dirisha. Mpige picha akilitazama dirisha, kisha akiligeuzia ubavu, kisha akilipa mgongo. Aliye na simu tu, atumie simu. Andikeni katika daftari mlichokiona kwenye shavu la upande wa kivuli, mlete darasani. Kwaherini mpaka Jumatano.